Hesabu, mkataba au chombo chako: tathmini ya njia tatu za kuendesha bodaboda Dar es Salaam

Anayeanza kazi ya bodaboda Dar es Salaam huingilia mlango mmoja kati ya mitatu. Anaweza kuendesha chombo cha tajiri, yaani mwenye pikipiki, kwa hesabu: kila siku anapeleka kiasi walichokubaliana na kubaki na kinachozidi. Anaweza kuchukua mkataba, yaani anapeleka hesabu kubwa zaidi kwa mwaka mmoja au mwaka na miezi, na malipo yakiisha pikipiki inakuwa yake. Au anaingia barabarani na chombo chake mwenyewe, alichokinunua taslimu, kwa mkopo au kupitia kikundi.

Vijiweni njia hizi hupangwa kama ngazi: hesabu ni ya chini kabisa, mkataba ni wa kuvumilia, cha kwako ndiyo kutoboa. Ukizipima kwa shilingi na kwa masharti, mpangilio huo unayumba. Dereva wa hesabu aliye chini ya tajiri anayejua kuongoza watu hufunga siku na pesa inayokaribiana sana na ya mwenye chombo chake, tena kwa wasiwasi mdogo. Na mwenye chombo asiyejua kujisimamia hurudi kuomba hesabu kwa mtu mwingine. Kuridhika na kazi hii kunategemea zaidi yule anayepanga masharti na namna anavyoyasimamia, kuliko jina lililoandikwa kwenye kadi ya umiliki wa pikipiki.

Siku moja kwa shilingi

Tuchukue pikipiki aina ya Boxer BM 150 iliyonunuliwa mpya kwa kiasi cha milioni 3. Viwango hutofautiana kwa mtaa na msimu, kwa hiyo weka namba za kijiwe chako. Utaona uwiano unabaki uleule.

Mauzo ya siku: 30,000. Mafuta lita 3 kwa 3,000 ni 9,000. Chakula na maji 4,000. Matengenezo, ukichukua ya mwezi mzima (oili, cheni na sproketi, tairi, breki, plagi, pancha, taa) na kuyagawa kwa siku za kazi, yanakuja kama 2,500.

Dereva wa hesabu ya 7,000 ambaye tajiri wake anabeba matengenezo anabaki na 10,000. Dereva wa hesabu hiyohiyo ambaye siku ya kwanza aliambiwa "oili na vitu vidogo ni juu yako", na vitu vidogo vikaja kuwa vyote, anabaki na 7,500. Dereva wa mkataba wa 10,000 kwa siku, matengenezo yake mwenyewe, anabaki na 4,500. Mwenye chombo anabaki na 14,500, lakini pikipiki inazeeka: ukitaka kununua nyingine baada ya miaka 3 ya siku 310 za kazi, lazima utenge kama 3,200 kila siku. Kilichobaki ni 11,300, na humo bado hujatoa bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) na kodi.

Ona pengo lilipo. Kati ya aliyeajiriwa vizuri na mwenye mali kuna 1,300 kwa siku. Kati ya walioajiriwa wawili, wote kwa hesabu ileile ya 7,000, kuna 2,500. Uamuzi mmoja wa tajiri unamgharimu dereva karibu mara mbili ya kile anachopoteza kwa kutomiliki. Vijana wengi wanaokimbilia mkataba kwa sababu "hesabu hailipi" walikuwa wamechoshwa na tajiri, na dawa yake ingekuwa kubadilisha tajiri.

Halafu kuna bei ya mafuta, ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza ukomo wake kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022 na ikavuka tena 2023. Lita ikipanda kwa shilingi 300, dereva wa lita 3 anapoteza 900 kwa siku. Kwa anayebaki na 10,000 hiyo ni asilimia 9. Kwa wa mkataba anayebaki na 4,500 ni asilimia 20, na ndipo unapoanza kusikia ya kulala na njaa. Tajiri mzuri anafahamika mwezi kama huo: anaita watu wake, anapiga nao hesabu, na anashusha hata 500 mpaka bei itulie. Tajiri mbaya husema mafuta si yake.

Hesabu: ajira isiyoitwa ajira

Njia hii tunaipa alama za juu kuliko inavyopewa mitaani, kwa sharti kwamba tajiri anafanya mambo matano yafuatayo.

La kwanza ni oili. Injini ya Boxer 150 inabeba oili ya zaidi kidogo ya lita moja. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa siku, siku 15 ni kilomita 1,800, na kwa foleni, vumbi na mizigo ya Dar es Salaam hapo ni pa kumwaga oili bila mjadala. Tajiri anayejua kazi ananunua oili mwenyewe kwenye duka moja analoliamini, ana fundi mmoja, na kwenye daftari kuna tarehe na kilomita za kila mabadiliko. Tajiri wa simu hutuma pesa na kuuliza "umebadilisha?" Dereva ambaye siku haikumwendea vizuri hujibu "nimebadilisha", pesa ikaliwa, na baada ya miezi michache ekzosi inatoa moshi wa bluu kwa sababu ringi zimekwisha, cheni ya ndani inapiga kelele na chombo kinapoteza nguvu mlimani. Hapo tajiri humwita dereva mwizi. Kosa lilianza pale tajiri alipompa mtu anayeishi kwa mauzo ya leo jukumu la kulinda injini ya mwakani bila kumwekea sababu ya kufanya hivyo. Matajiri wengine huweka bonasi: chombo kikipita miezi 6 bila injini kufunguliwa, dereva anapata hesabu za siku 5 bure. Ni 35,000, na kufungua injini mara moja kunakula zaidi ya hizo.

La pili ni siku za gereji. Chombo kikilala kwa fundi kwa sababu ya uchakavu, hesabu ya siku hiyo isidaiwe. Inasikika kuwa jambo dogo, lakini dereva anayejua atadaiwa 7,000 hata chombo kikiwa gereji ataendelea kuendesha breki zikiwa zimeisha. Tajiri anayedai siku ya gereji ananunua ajali yake mwenyewe.

La tatu ni mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dereva anayeingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 4 usiku kwa siku 6 anafanya saa 96. Matajiri hujitetea kwamba huyu si mwajiriwa, ni "mshirika". Wasome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004: mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata moja kati ya dalili zilizotajwa, zikiwemo kupewa vifaa vya kazi na mwingine, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Dereva wa hesabu ana dalili zote hizo. Wachache hufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayetaka kupinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kuwasilisha mgogoro. Ila tajiri mwenye busara hangoji tume. Anatoa Jumapili bila hesabu, au nusu hesabu kwa anayetaka kuingia, na anatangaza mapema siku za sikukuu.

La nne ni mgawanyo wa makosa barabarani. Tangu bajeti ya 2021/22, faini ya bodaboda kwa kosa moja ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, na hata hiyo 10,000 ni mapato ya siku nzima ya dereva. Utaratibu wa haki ni rahisi: mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja), kukosa kofia ngumu, kupita taa nyekundu ni ya dereva; bima iliyoisha, leseni ya LATRA iliyokwisha muda, taa isiyowaka ambayo ilisharipotiwa ni ya tajiri. Iandikwe. Bila maandishi, kila faini inakuwa ugomvi, na kila ugomvi unaishia kwa aliyeshika kadi.

La tano ndilo gumu, na ndilo hasa uongozi: namna ya kupokea hesabu pungufu. Dereva anapiga simu saa 3 usiku: "Bosi, shikamoo. Leo nimepata elfu nne." Anayejua kuongoza huuliza maswali matatu kwa mpangilio huu: mvua ilinyesha? Chombo kina tatizo? Wewe mwenyewe mzima? Kisha anaandika deni la 3,000, na kuna ukomo uliojulikana tangu mwanzo, tuseme 21,000. Likifika hapo wanakaa chini. Asiyejua huchagua moja kati ya mawili: anafoka kila siku, au ananyamaza wiki tatu halafu anakuja kijiweni kuchukua chombo mbele ya watu. Kufoka kunamfundisha dereva kudanganya. Kunyamaza kunamfundisha kwamba deni halina maana. Na kumnyang'anya mtu chombo mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima ambayo hata ukimrudishia kesho haitarudi.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, upangiwe hesabu yake kabla mvua hazijaanza. Dereva anayejua kwamba Aprili ni 5,000 hatakuwa na sababu ya kukimbia na abiria kwenye barabara iliyofurika maji ili kufikisha 7,000.

Mkataba

Hapa ndipo pana maumivu mengi, kwa hiyo tusimame kidogo.

Malipo 365 ya 10,000 ni 3,650,000. Kwa chombo cha milioni 3, tajiri anapata 650,000 juu, na kwa pesa iliyofungwa mwaka mzima kwenye mali inayoweza kuibwa usiku mmoja, hiyo si faida ya kulalamikiwa. Mkataba wa miezi 14 inayohesabiwa kila siku ni malipo karibu 426, yaani 4,260,000. Hapo ziada ni 1,260,000, na tungemshauri kijana aulize bei ya dukani kabla ya kusaini. Jambo la kuangalia kwanza ni kama mkataba unataja idadi ya malipo au tarehe ya mwisho. "Kwa mwaka mmoja" peke yake ni mtego wa pande zote mbili: dereva anadhani Jumapili hazimo, tajiri anadhani zimo. Anayelipa siku 26 kwa mwezi atafikisha 3,650,000 baada ya miezi 14, wala hajachelewa; ndivyo hesabu inavyokwenda. Andikeni: malipo 365, ya 10,000 kila moja, siku 6 kwa wiki.

Mikataba mingi huvunjika kati ya mwezi wa 8 na wa 10 tangu kuanza kulipa, na sababu zinajulikana. Chombo kimeshachoka: tairi la nyuma limebadilishwa, cheni na sproketi zimebadilishwa, shokapu zinavuja, klachi inateleza. Matengenezo yaliyokuwa 2,500 yanafika 4,000, na 4,500 aliyokuwa anabaki nayo inakuwa 3,000. Kodi ya chumba inasubiri. Wakati huohuo ameshalipa zaidi ya milioni 2, na kwenye karatasi hana hata boliti moja. Tajiri asiye mwaminifu anajua hivyo, na huu ndio msimu wa kutafuta kosa: umechelewa siku tatu, lete chombo. Anakichukua, anampa kijana mwingine kwa mkataba mpya.

Kifungu kinachozuia hilo ni kimoja. Mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote, chombo kiuzwe kwa bei iliyokubaliwa na pande zote, tajiri achukue salio lake, na kinachobaki kiwe cha dereva. Kwa mfano, dereva amelipa mara 240, yaani 2,400,000. Salio ni 1,250,000. Chombo kikiuzwa 1,800,000, tajiri anachukua 1,250,000 na dereva anaondoka na 550,000. Tajiri anayekataa kifungu hiki amekwambia mapema anachopanga.

Wizi nao unahitaji sentensi yake. Bima ndogo, ile ya lazima, inalipia madhara ya mtu mwingine. Pikipiki ikiibwa hailipi kitu. Bima kubwa inagharimu zaidi, na inafaa waichangie: tajiri ana mali yake humo, dereva ana malipo yake. Wasipoikata, basi waandike nani anabeba nini chombo kikiibwa kikiwa mkononi mwa dereva na kikiibwa nyumbani kwa tajiri, maana wengi hulaza vyombo huko.

Ugonjwa: siku 2 za msamaha kwa mwezi, zinazosogeza mwisho wa mkataba bila adhabu. Ajali inayomlaza mtu, muda wa mkataba usimame mpaka apone. Madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanawajua madereva hawa vizuri. Mguu uliovunjika si jambo la wiki moja.

Malipo yapite kwa simu, kwa namba moja ya tajiri iliyotajwa kwenye mkataba, ili ujumbe wenyewe uwe stakabadhi. Anayelipa mkononi awe na daftari mbili zinazosainiwa siku hiyohiyo. Mkataba utaje namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini, usainiwe mbele ya wakili au ofisi ya serikali ya mtaa na mashahidi wa pande zote, na dereva abaki na nakala ya kadi. Malipo ya mwisho yafuatwe na uhamisho wa umiliki TRA (mamlaka ya mapato), na mkataba useme ndani ya siku ngapi na nani analipa ada zake. Wapo waliomaliza malipo yote na wakaendelea kuendesha chombo chenye jina la mtu mwingine. Siku tajiri akifariki, warithi hawajui lolote kuhusu malipo 365.

Pamoja na hayo yote, mkataba wenye kiongozi mzuri una raha ambayo hesabu haina, nayo ni kuona mwisho unakaribia. Tajiri anayelijua hili humtumia dereva ujumbe kila mwisho wa mwezi: umelipa 156, zimebaki 209. Humwacha achague chombo mwenyewe dukani, akitaka TVS HLX 125 kwa sababu ya mafuta basi iwe hiyo. Hubeba oili mbili za kwanza. Gharama ya mambo hayo ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kupata dereva mpya katikati ya mkataba.

Kampuni za mikopo ya pikipiki ni mkataba uleule kwa sura ya ofisi: malipo ya awali, marejesho ya kila wiki, na kifaa cha kufuatilia chombo. Uzuri wake ni kwamba masharti yako kwenye karatasi na hayabadiliki kwa hasira ya mtu. Ubaya wake ni huohuo: ratiba haijui masika. Ukienda, uliza jumla utakayolipa hadi mwisho, usiulize rejesho la wiki peke yake, na uliza wiki ngapi za kuchelewa ndipo chombo kinachukuliwa.

Cha kwako: sasa tajiri ni wewe

Mwenye chombo ana kazi mbili, na ya pili hakuna aliyemfundisha. Anaendesha, na anamsimamia anayeendesha. Kosa la kawaida ni kuziona zile 14,500 zote kama mshahara. Anapanga chumba kikubwa zaidi, anaongeza matumizi, na mwaka wa pili tairi na cheni vinapoisha pamoja anakopa kwa riba ya mtaani. Mwaka wa tatu injini inataka kufunguliwa na pesa hakuna. Chombo kinalala, mwenyewe anakuwa deiwaka, anaomba kuendesha cha mwenzake siku mwenzake akichoka.

Wanaodumu wanajipelekea hesabu. Kila usiku, kabla ya kununua chochote, 2,500 inaingia kwenye namba ya matengenezo na 3,200 kwenye akaunti ya chombo kipya. Ni 5,700, chini ya hesabu ya tajiri, na wengi waliopeleka 7,000 kwa mtu mwingine bila kukosa wanashindwa kujipelekea wenyewe, kwa sababu hakuna anayepiga simu saa 3 usiku. Dawa iliyo nyepesi ni kumpa mtu kazi ya kuuliza: mke, mume, mama, au mwenzako wa kijiweni ambaye nawe unamuuliza.

Kujiongoza kuna upande wa pili pia, wa kujizuia. Asiye na tajiri hana anayemwambia aende nyumbani. Saa zinaongezeka, kwa kuwa kila abiria anayeachwa ni pesa yako. Weka saa ya kufunga, na siku moja kwa wiki ya kuosha chombo, kukaza cheni, kuangalia breki na kupumzika. Anayeendesha saa 16 kila siku kwenye chombo chake mwenyewe amejiajiri kwa masharti ambayo angemshitaki nayo mtu mwingine.

Kisha kuna siku anaponunua chombo cha pili na kumpa mpwa wake. Hapo ndipo tabia za matajiri hurithiwa. Aliyefokewa hufoka, aliyeachiwa oili humwachia mwenzake oili. Huu ndio wakati mzuri kuliko wote wa kukaa chini na kuandika yale mambo matano, kabla ya kukabidhi ufunguo, hata kama ni ndugu. Kwa ndugu ni lazima zaidi, maana kuvunja mkataba na mpwa ni kuvunja na dada pia.

Wanaotegemea programu za simu za kuita usafiri wanapaswa kujua kwamba nao wana tajiri, ila hawamwoni. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, Uber ikasitisha huduma nchini Aprili mwaka huo, na ikarejea mapema 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Piga hesabu: asilimia 25 ya mauzo ya 30,000 ni 7,500. Ni zaidi ya hesabu ya tajiri wa mtaani, na chombo ni chako, oili yako, tairi lako. Zitumie kujazia saa za ukame. Usizifanye kijiwe chako pekee.

Kikundi

Njia nafuu kuliko zote ya kupata chombo ni mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya, kwa hiyo anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, akupe masharti ya sasa.

Vikundi hivi hufa kwa sababu ya viongozi kuliko sababu nyingine yoyote. Pikipiki za kwanza zinaenda kwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Waliobaki wanarejesha mkopo wa vyombo wasivyoviendesha, kisha wanaacha. Zuieni hilo mapema. Kura ipigwe hadharani, kwa vikaratasi, nani anapata cha kwanza, na viongozi wawe wa mwisho kwenye foleni. Pesa isitoke bila saini tatu. Daftari lisomwe kwa sauti kila Jumapili, jina kwa jina, aliyelipa na asiyelipa. Na mweka hazina asikae zaidi ya mwaka mmoja hata akiwa mwaminifu, ili kazi hiyo ijulikane na wengi.

Nani achukue ipi

Asiye na akiba na anayeanza kujifunza njia za mji: hesabu, kwa tajiri anayebeba matengenezo. Kaa miezi 6 hadi 12, tenga 3,000 kila siku. Kwa siku 310 ni 930,000, malipo mazuri ya awali. Mwenye familia inayokula kila siku kutokana na kazi hii asichukue mkataba wa 10,000 bila kuwa na akiba ya angalau mwezi mmoja, kwa sababu 4,500 haivumilii wiki mbaya. Aliyeweza kujiwekea akiba akiwa kwenye hesabu yuko tayari kwa chombo chake. Aliyeshindwa akiwa kwenye hesabu, chombo chake hakitamfundisha.

Kabla ya kushika ufunguo wa mtu yeyote, kikague chombo chake, kwa sababu kitakuambia tajiri ni wa namna gani. Angalia rangi na kiasi cha oili. Shika cheni uone ilivyolegea. Soma tarehe ya bima na ya leseni ya LATRA. Uliza ni madereva wangapi wamekiendesha mwaka uliopita; wawili ni kawaida, watano kuna tatizo, na si la madereva. Kisha mwombe tajiri namba ya dereva aliyekutangulia, na umpigie mkiwa hapohapo.